Naomba ushauri: Walimu wa Kanisa niwaelezeje vijana?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Nafundisha vijana wa kipaimara hapa Unguja, kwetu kanisa la Minara Miwili. Jumapili niligusia kwamba Papa Leo XIV alimtangaza John Henry Newman, kardinali Mwingereza, kuwa Mwalimu wa Kanisa, cheo cha heshima kwa watakatifu wachache, Novemba 1, 2025, akiwa wa 38. Binti mmoja akaniuliza, "Kwani watakatifu wengine hawakufundisha?" Nikababaika.

Masharti nayajua: utakatifu, mafundisho yenye uzito kwa Kanisa zima, kisha tamko la Papa au mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu). Shahada haihitajiki. Theresia wa Lisieux alifariki monasterini akiwa na miaka 24 tu, akatangazwa 1997! Wanawake wapo wanne, na wa kwanza wao, Teresa wa Avila na Katerina wa Siena, walisubiri hadi 1970. Hapo nawajua mabinti zangu, hawataniachia.

Jirani yangu Muislamu kanishauri niseme ni kama mwanachuoni mkubwa. Imesaidia, ila mwanachuoni hasubiri tamko la Roma.

Sasa nianze na nani? Agostino, maana ni Mwafrika wa Thagaste, Algeria ya leo, au Theresia aliyekaribiana nao umri? Nina dakika 40, na nusu yao huja na njaa baada ya misa.