Naomba ushauri: Giselle ya London au Paris? Kiti gani, viza ipi, na nianze kulipia nini?

Binti_Upanga

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa wanaoifahamu baleti ya ukumbini. Mimi ni mpenzi wa baleti ya kale, hasa Giselle, na mpaka sasa naiona kwenye skrini tu. Nataka nifunge safari kutoka Dar niione jukwaani, London au Paris, na ikiwezekana kote kuwili. Nitakuwa na wiki moja na ushei. Tiketi za maonyesho nimezitengea Euro 300, nauli na malazi mbali.

Ninapokwama ni hapa: nianze na kipi kati ya viza, ndege na tiketi ya onyesho? Kiti kipi kinafaa kwa baleti, maana bei zinapishana mno ndani ya ukumbi huo huo? Na nitajuaje jioni hiyo anacheza nani? Natanguliza shukrani.

Ughaibuni_LDN

Dada, anza na kalenda ya maonyesho kabla hata hujaangalia ndege. Msimu huanza Septemba na kuishia Julai, na Agosti kampuni nyingi ziko likizo. Tena Giselle haipangwi kila mwaka. Kampuni huiweka wiki chache, kisha inaingia kazi nyingine. Ukikata ndege kwanza, unaweza kufika mjini ukakuta kuna opera tupu wiki nzima.

Ukishaipata kalenda, soma jina la mtunzi wa hatua, usitosheke na jina la onyesho. Royal Ballet wanacheza Giselle ya Peter Wright, ya mwaka 1985. English National Ballet wana mbili: ya Mary Skeaping ya mwaka 1971, ambayo ni ya kale hasa, na ya Akram Khan ya mwaka 2016. Hiyo ya Akram Khan imehamishia kisa kwa vibarua wahamiaji wa kiwanda cha nguo, na muziki wa Adolphe Adam umefumuliwa upya. Ni kazi nzito na inastahili kuonwa, ila si hiyo unayoitafuta. Swan Lake, baleti nyingine ya kale, nayo ina mtego wake: ukiona jina la Matthew Bourne, hiyo ni ya mwaka 1995 ambayo swani (bata maji) wote ni wanaume. Watu wananunua kwa jina tu, halafu wanatoka wakilalamika.

Kuhusu kiti cha Royal Opera House, Covent Garden, nyumbani kwa Royal Ballet: kwa baleti, katikati na juu kunashinda chini na pembeni. Nakueleza kwa nini. Katika tendo la pili la Giselle, Wili, yaani mizimu ya wasichana waliokufa kabla ya ndoa, wanasimama safu mbili zinazotazamana. Kila mchezaji anasimama kwa mguu mmoja, mwingine ameunyoosha nyuma, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, kisha safu zote mbili zinasonga kwa kurukaruka kwa mguu ule ule mmoja hadi zinapishana katikati ya jukwaa. Ukiwa ghorofa ya Balcony au Amphitheatre, katikati, unaona jinsi safu moja inavyopenya nyingine bila mstari kupinda. Ukiwa viti vya chini vya mbele unaona safu ya kwanza na vichwa vya wengine, na zaidi utasikia viatu vikigonga mbao. Chini kuna faida ya kuona nyuso, na kwenye tendo la kwanza, pale Giselle anaporukwa na akili, hiyo si faida ndogo. Lakini kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye bajeti yako, nenda juu katikati na ubebe darubini ndogo ya kukuza mara tatu hadi tano. Zenye nguvu zaidi hutikisika mkononi na zinakata miguu ya mchezaji kila akiruka.

Jihadhari na viti vya ubavuni vya Stalls Circle, yaani duara linalozunguka viti vya chini. Bei inavutia, ila unapoteza kipande cha jukwaa cha upande wako. Nyumba ya Giselle na kibanda cha Albrecht, mpenzi wake, vinatazamana pande mbili za jukwaa, kwa hiyo popote utakapokaa ubavuni kuna jengo moja hutaliona, na watu wanaingia na kutoka humo tendo zima la kwanza. Kaburi la tendo la pili nalo huwekwa pembeni.

Mama_Gare_du_Nord

Naongezea ya Paris. Opéra de Paris ni kampuni moja yenye majumba mawili, na hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Palais Garnier ndilo la dhahabu na marumaru lililofunguliwa mwaka 1875, lenye dari iliyochorwa na Chagall mwaka 1964. Opéra Bastille ni jengo la kisasa la mwaka 1989, upande mwingine wa mji. Baleti inachezwa kote. Swan Lake ya mtunzi Rudolf Nureyev kwa kawaida iko Bastille. Soma jina la ukumbi kwenye tiketi, maana kutoka moja hadi nyingine ni safari ya metro, na milango ikishafungwa unasubiri nje.

Garnier ina umbo la kwato la farasi. Pembeni kuna vijumba wanavyoviita loge, vyenye viti vichache kila kimoja. Mstari wa mbele wa kijumba ni sawa. Wa pili utakuwa umeinama. Wa tatu utasimama onyesho zima na bado utaona nusu ya jukwaa. Tovuti huandika kama kiti hakioni vizuri au hakioni kabisa, ila kwa herufi ndogo, basi usikurupukie bei. Ukipata balcon, yaani viti vilivyoinuka nyuma ya vile vya chini, nunua. Ikishindikana, tafuta amphithéâtre ya katikati, juu.

Jukwaa la Garnier lina mteremko wa asilimia 5 kuelekea kwa watazamaji. Mteremko huo unakusaidia wewe uliyekaa chini, kwa sababu safu za nyuma zinainuka kidogo. Mchezaji mgeni ndiye anayepata kazi, kwa kuwa mzunguko wa mguu mmoja unavutwa mbele. Bastille haina shida kubwa ya pembeni: karibu viti vyote vinatazama jukwaa moja kwa moja, hakuna nguzo. Tatizo lake ni umbali. Viti vya juu nyuma kabisa viko mbali mno, na pale darubini si anasa.

Kuhusu nani anacheza: London hutangaza wachezaji wakuu mapema, hata wakati tiketi zinapoanza kuuzwa. Paris huchelewa, mara nyingi orodha inatoka siku si nyingi kabla ya maonyesho, wakati viti vizuri vimeshakwenda. Kote kuwili mchezaji akiumia anabadilishwa na hurudishiwi pesa. Kwa hiyo usijenge safari nzima juu ya jina la mtu mmoja. Elekeza mapenzi yako kwenye kampuni, hasa kundi la wasichana wa safu. Kundi la Paris kwa usawa wa mikono na shingo ni la kuvuka bahari kulitazama.

Na migomo ipo. Desemba 2019 maonyesho yalifutwa kwa mgomo wa pensheni, na mkesha wa Krismasi wachezaji walicheza kipande cha Swan Lake nje, mbele ya Garnier. Onyesho likifutwa na kampuni unarudishiwa pesa ya tiketi, hoteli ni juu yako. Ndiyo maana Paris ipe siku tatu, si moja.

Msafiri_Kariakoo

Mimi nizungumzie viza, maana hapa ndipo safari za namna hii zinapovunjikia. Pasipoti ya Tanzania inahitaji viza mbili tofauti: ya Uingereza, na ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja) kwa ajili ya Ufaransa. Moja haikuingizi kwenye nchi ya nyingine.

Schengen unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15. Usikubali hizo 15, maana nafasi za miadi hujaa. Ada ya mtu mzima ni Euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau Euro 30,000. Ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Sasa mpangilio wa njia. Ukiruka Dar hadi Paris, ukaenda London, ukarudi Paris kupanda ndege ya nyumbani, umeingia Schengen mara mbili. Viza ya kuingia mara moja inakufa ukitoka kwenda London, na unakwama kituo cha treni cha St Pancras, London, na tiketi ya ndege mkononi. Ingia kupitia London, maliza huko, panda treni ya Eurostar kwenda Paris (mwendo wa kama saa mbili na dakika ishirini), kisha ruka nyumbani kutokea Paris. Ukaguzi wa pasipoti wa nchi zote mbili unafanyika kituoni unapopandia, basi fika zaidi ya saa moja kabla.

Tiketi ya onyesho iliyolipiwa iweke kwenye maombi. Haikuhakikishii viza, lakini maelezo ya safari yenye tarehe, ukumbi na tiketi yanaeleweka kuliko "natembea tu". Ndege uweke nafasi bila kulipa mpaka viza zitoke.

Shangani_Muscat

Viza zikigoma, usiisahau Muscat. Royal Opera House Muscat ilifunguliwa mwaka 2011 na huleta kampuni za nje, baleti ikiwemo. Msimu unaanza Septemba au Oktoba, kiangazi wanafunga. Mavazi wanayasimamia kweli mlangoni: mwanaume koti, au kanzu kamili ya Kiomani na kilemba, mwanamke mavazi rasmi yanayofunika mabega na magoti. Jinzi na raba hazipiti. London na Paris hawana sheria hiyo, nguo safi inatosha.

Kwa onyesho lolote la ziara, iwe Muscat, Dubai au mji mdogo wa Ulaya, uliza swali moja kabla ya kulipa: orkestra ipo au ni muziki wa rekodi? Vikundi vingi vya ziara vinatumia rekodi. Kwenye Giselle hasara yake ni kubwa, kwa kuwa kiongozi wa orkestra humsubiri mchezaji anapoinua mguu polepole katika tendo la pili. Rekodi haimsubiri mtu, basi mchezaji anaharakisha na kila kitu kinapungua urefu.

Binti_Upanga

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeona njia ni London kwanza halafu Paris. Swali: nikibahatika kukuta Giselle pande zote mbili, nione zote mbili au nitakuwa narudia kitu kile kile? Na ile Euro 300 inatosha?

Ughaibuni_LDN

Ione zote mbili bila kusita. Ya Paris ni utayarishaji wa Patrice Bart na Eugène Polyakov wa mwaka 1991, na Giselle yenyewe ilizaliwa Paris tarehe 28 Juni 1841. Tofauti utaziona. Kwa Peter Wright, Giselle anajichoma kwa upanga, na ndiyo maana anazikwa msituni badala ya uwanja wa kanisa. Katika utayarishaji mwingi mwingine anakufa kwa moyo na akili kushindwa. Kile kipande cha wanakijiji cha tendo la kwanza, London kinachezwa na watu sita, wakati desturi ni wawili.

Tazama pia Albrecht anapolazimishwa na Myrtha, malkia wa Wili, kucheza hadi achoke. Wapo wanaosonga mshazari kuelekea kwa Myrtha kwa miruko midogo ya kupiga miguu pamoja, na wapo wanaobaki palepale wakiruka wima, miguu ikipishana hewani mfululizo. Ya wima inapigiwa makofi zaidi. Mimi naona ya mshazari inaeleza kisa vizuri zaidi, kwa sababu unaona anavutwa na nguvu asiyoweza kuikataa.

Pesa inatosha ukikaa juu. Royal Opera House wana Friday Rush: kila Ijumaa saa 7 mchana ya London hutolewa tiketi za wiki inayofuata mtandaoni. Kwa saa za Dar ni saa 10 alasiri wakati wa baridi, na saa 9 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Fungua akaunti siku kadhaa kabla, ingia kabla ya muda, na kadi yako iwe imeruhusiwa malipo ya nje. Kinachoangusha wengi ni ile namba ya uthibitisho ya benki inayotumwa kwa SMS. Ukiwa tayari London na laini yako ya Tanzania haijawashwa rominga, namba haifiki, na kiti kinakwenda kwa mwingine. Washa rominga ya SMS kabla hujaondoka.

Usiitegemee kwa safari nzima, lakini. Onyesho moja la kila mji nunua mapema kwa kiti cha katikati, la pili liache kwa Ijumaa au kwa tiketi zinazorudishwa, ambazo huibuka kwenye tovuti siku moja mbili kabla. Kusimama nyuma ya Stalls Circle pia kunawezekana kwa Giselle, kwa kuwa ina matendo mawili na mapumziko moja. Kwa Swan Lake, ambayo inakaribia saa tatu, sikushauri kama umeshuka ndege siku hiyo.

Mama_Gare_du_Nord

Na la kuchelewa: Giselle ikiwa na mapumziko moja tu, ukikosa mwanzo unaweza kuwekwa nje mpaka tendo la kwanza liishe, karibu dakika 50. Garnier hawapokei masanduku makubwa, basi usije moja kwa moja kutoka kwenye treni. Tua mzigo hotelini kwanza, na usinunue onyesho la jioni ile ile unayowasili.