Ardhi laini ya pwani inaliwa: tujenge kuta au watu wahame?

Wa Uyole: Ndugu zangu, nimerudi kutoka Kilwa. Mzee mmoja alinionesha ilipopita njia yao zamani, sasa ni maji. Naona watu wahame. Bahari ikipanda hata kidogo, wimbi linafika chini ya ukingo mara nyingi zaidi, linachimba, juu kunabaki kunaning'inia mpaka kuporomoke. Kule Holderness, Uingereza, ukingo wa udongo unarudi nyuma karibu mita 2 kwa mwaka. Ukuta utazuia nini?

Binti Tukuyu: Wahame waende wapi? Umekaa kwenye viazi vyako huko juu, unamhamisha mtu mwenye makaburi ya babu zake ufukweni!

Wa Uyole: Dada, viazi vimeingiaje? Chipsi wanazokula Dar zinatoka kwenye jasho letu. Usimdharau mkulima.

Mkalenga: Hata mimi hilo la viazi limeniuma. Ila bahari mnaionea. Nendeni Isimila, kilomita kama 20 tu kutoka Iringa mjini. Nguzo zile za mwamba laini korongoni zimechongwa na maji ya mvua, bahari haipo. Mwamba laini huliwa popote. Pwani shida ni kuchimba mchanga na kukata mikoko.

Mwana Matema: Kaka, mvua hukatika, wimbi halikatiki. Kifusi kikianguka kinaukinga ukingo kwa muda, maji yakipanda kinazolewa upesi. Mchanga na mikoko ni kweli, lakini haviifuti bahari. Na kuta zinasaidia: magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini 2004, yakatoka 2014. Walijenga kinga, wakapanda mikoko.

Mkalenga: "Mvua hukatika"? Umewahi kufika Isimila wewe? Pana zana za mawe za watu wa kale kabisa! Watu wa Mbeya mnapita na basi kila siku, hamshuki.

Mwana Matema: Nimeshuka, mara mbili. Usinipangie.

Mkalenga: Basi ungeona korongo linavyopanuka.

Binti Tukuyu: Magofu yamejengewa ukuta, sawa. Nyumba ya mvuvi je? Kaka wa Uyole, yule mzee ulimuuliza anataka kwenda wapi?

Wa Uyole: Sikumuuliza. Yeye ndiye aliniuliza kama huku kwetu bado kuna ardhi.

Binti Tukuyu: Ukamjibuje?

Wa Uyole: Nilinyamaza, dada.