Ngazi imemwangusha fundi: nani alipe?

Mwana wa Temeke: Wakuu, kaka yangu ni fundi rangi. Mwezi uliopita alikuwa Kigamboni anamalizia ukuta wa nje wa nyumba ya ghorofa moja. Mwenye nyumba alikwepa gharama ya jukwaa, akanunua Kariakoo ngazi ya aluminiamu, zile za kuvuta kama antena ya redio. Siku ya tatu pini ya kidato cha sita ikakatika, ngazi ikajikunja mtu yuko juu. Kisigino kimepasuka, pingili moja ya mgongo imebonyea. Kibandiko kinasema kilo 150, na kaka pamoja na ndoo yake ya rangi hafiki 95. Duka linasema lenyewe linauza tu, halitengenezi. Mwenye nyumba anasema na yeye kaingizwa mjini. Nauliza: aliyeitengeneza, au aliyeiingiza nchini, kwa nini asilipe?

Nyundo Saba: Pole kwa kaka. Ila kidato cha sita kimeangusha wengi nchi hii, haanzi yeye 😂 Hebu tuambie, nani alikuwa kamshikia ngazi? Maana saidia fundi wa siku hizi jicho kwenye simu, mkono mfukoni.

Saidia Mstaafu: Nilijua tu mtafika kwetu. Pini imekatika ndani ya bomba, huyo wa chini angeshika nini? Ashike na maji ya mvua? Elfu kumi na tano kwa siku nikoroge zege, nipandishe tofali, nishike ngazi, na kiwanda kikiuza uchafu kesi iwe yangu.

Nyundo Saba: Nimetupa jiwe gizani. Aliyelia ndiye limempata.

Saidia Mstaafu: Limenipata na nimelishika, sogea karibu nikurudishie.

Hakimu wa Kijiweni: Tulieni. Hili suala lilishaamuliwa zamani kwenye ile kesi ya konokono ndani ya soda. Mama alikunywa, akaumwa, kampuni ikalipa. Mwisho wa mjadala.

Bibi Shauri: Hakimu wangu, wewe kila kitu unakijua nusu. Haikuwa soda, ilikuwa bia ya tangawizi, huko Uskochi, na uamuzi ulitoka London 1932. Kilichofanya kesi iwe kubwa ni kwamba yule mama hakuinunua chupa, alinunuliwa na rafiki yake. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, si mwenye mgahawa, si kiwanda. Majaji wale wa London wakasema mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtu wa mwisho atakayetumia kitu chake. Ndiyo hali ya huyu fundi hasa: ngazi kanunua mwenye nyumba, mgongo umeumia wa mwingine. Ila kwa njia hiyo lazima uonyeshe uzembe. Wamarekani walisogea mbele, California 1963: mtu kapewa na mkewe zawadi ya mashine ya useremala, gogo likaruka likampiga kichwani. Mahakama ikasema ukithibitisha kasoro na madhara inatosha, uzembe si lazima. Sasa mwanangu wa Temeke, la muhimu: ile ngazi iko wapi? Bila ngazi yenyewe mkononi, na ile pini iliyokatika, kesi ni ngumu sana. Mtaalamu ataangalia nini? Na msikae sana, madai ya namna hii mwisho ni miaka mitatu.

Kipanga: Kwa hiyo konokono alikuwemo au hakuwemo?

Bibi Shauri: Haikuthibitishwa kamwe. Walimalizana pembeni kabla ya ushahidi.

Kipanga: 🤣🤣 Yaani dunia nzima inasoma sheria kwa konokono ambaye hakuna aliyemwona! Nilikuwa naanza kuiamini mahakama.

Hakimu wa Kijiweni: Bia au soda, konokono ni konokono. Hoja yangu imesimama.

Mjomba wa Likoni: Ndugu zetu, huku Kenya mambo haya yamo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 46. Mtumiaji ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na fidia akiumizwa na bidhaa yenye kasoro. Nyinyi bado mwasaka konokono.

Nyundo Saba: Haya, wenye Katiba wamefika. Na ngazi zenu zinatoka wapi, si kulekule zinakotoka zetu? Kwani pini inasoma Katiba?

Mjomba wa Likoni: Haisomi, lakini mwenye duka husoma, akaogopa. Na usinijibu kwa ukali, mimi nimekuita ndugu hata hujanijua.

Mama Wawili: Na hapa Tanzania sheria ipo, ile ya ushindani ya 2003, FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndio wasimamizi, inamlinda mlaji. TBS, wale wa Shirika la Viwango, nao wana utaratibu wa kukagua mzigo ukiwa bado huko unakotoka. Kinachokosekana ni mtu wa kubisha hodi. Mume wangu aliuziwa ngazi ambayo kibandiko cha viwango kilibanduka kwa kitambaa chenye maji. Tulirudisha, wakatupa nyingine, kibandiko kikabanduka vilevile.

Fundi Mirunda: Ndiyo maana mimi mirunda na misumari ya inchi nne, najitengenezea. Babu yangu kapanda minazi na mapaa miaka hamsini, hajawahi kuanguka.

Kipanga: Mnazi si ngazi mzee.

Fundi Mirunda: Kijana, mnazi haujikunji.

Bibi Shauri: Na mrunda ukivunjika utamdai nani, mkaratusi? Narudia: ngazi iko wapi? Na kaka ana mwajiri anayechangia mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, au alikuwa kibarua wa mdomo?

Saidia Mstaafu: Kibarua wa mdomo, kama sisi wote. Nyundo Saba umenyamaza? Mimi nimeshikilia ngazi miaka kumi na moja. Mwaka jana fundi aliteleza, nikamdaka kwa bega hili, hadi leo siwezi kubeba ndoo kwa mkono wa kulia. Wewe umewahi kushika nini zaidi ya kibodi?

Nyundo Saba: Pole kwa bega, sikujua. Lakini ya simu siifuti.

Mwana wa Temeke: Bibi Shauri, shikamoo. Nimempigia mwenye nyumba sasa hivi. Ngazi aliwapa wale vijana wa chuma chakavu wiki ileile, anasema hakutaka kuiona tena. Risiti anayo. Imeandikwa "vifaa vya ujenzi", basi.

Bibi Shauri: Marahaba. Vijana gani? Wa mkokoteni au wenye ghala? Mtafute leo leo.

Nyundo Saba: Na yule saidia fundi naye atafutwe.

Saidia Mstaafu: Umeanza tena.