Kambi ya kutwa, kambi ya kulala au kwa bibi? Nina watoto wa miaka 6, 10 na 14

Mama wa Watatu, Minnesota

Habari zenu jamani. Shule za huku zinafungwa mwezi wa sita na hazifunguliwi mpaka Septemba, na mimi na baba yao wote tuko kazini. Kitinda mimba ni binti wa miaka 6, wa kati ni kijana wa 10, kifungua mimba ni binti wa 14. Tumefikiria njia tatu: kambi ya kutwa, ya kumpeleka asubuhi na kumchukua jioni; kambi ya kulala kando ya ziwa; au tuwakatie tiketi wakakae kwa bibi yao Tanga. Ningependa wote wawe mahali pamoja. Mliopitia haya naomba mnisaidie, maana hii ni Februari tu na nafasi zimeshaanza kujaa.

Baba Mapacha, Ohio

Mama, hata ukiwalipia kambi moja hawatakuwa pamoja. Kambi hupanga watoto kwa umri, kila kundi na ratiba yake, hata saa yake ya kuogelea. Dada atamwona mdogo wake kwa mbali wakati wa chakula, basi. Mwangalie kila mtoto peke yake.

Huyo wa 6 mpeleke ya kutwa, tena iliyo karibu na nyumbani. Wetu walipokuwa rika hilo siku yao ilikuwa kupaka rangi, kutunga shanga, kukimbizana, somo la kuogelea, na kujilaza kidogo baada ya chakula cha mchana. Kwa umri huo inatosha kabisa. YMCA, vile vituo vya jamii vinavyoendesha kambi, nyingi hupunguza ada kwa kuangalia kipato cha familia. Uliza mapema, usione haya. Na andika jina lake kwenye kila kitu, kuanzia chupa ya maji hadi soksi.

Wa 10 ndiye wa kambi ya kulala hasa. Ameshaweza kutandika kitanda, kuoga bila kusimamiwa na kumwambia mtu mzima kwamba tumbo linamuuma. Wanalala kibanda kimoja na wenzao, wanapiga makasia, wanajifunza kulenga shabaha kwa upinde, na usiku wanaigiza vichekesho walivyotunga wenyewe, mbele ya moto. Mara ya kwanza chukua wiki moja, isizidi.

Nesi wa Usiku, Massachusetts

Nimewahi kuwa nesi wa kambi, kwa hiyo naomba nizungumzie watu wazima watakaokuwa na watoto hao. Kuna American Camp Association, chama kinachotoa ithibati kwa kambi. Kwa kambi za kulala viwango vyake ni mlezi 1 kwa watoto 6 wa miaka 6 hadi 8, na mlezi 1 kwa 8 kwa wale wa miaka 9 hadi 14. Kwa kambi za kutwa ni 1 kwa 8 na 1 kwa 10. Ithibati hiyo ni ya hiari, kambi nyingine hazina, kwa hiyo uliza idadi hizo mwenyewe. Uliza pia nani analala na watoto, nani anasimama ukingoni wakiwa majini, na wafanyakazi wanachunguzwa vipi kabla ya kuajiriwa. Kambi nzuri hukujibu bila kukasirika.

Dawa zote, hata za mafua, kwa kawaida hukabidhiwa nesi zikiwa kwenye kasha lake la dukani. Kama mtoto bado anakojoa kitandani, mwambie mlezi kabla hajafika. Nimeona watoto wanakataa kunywa maji mchana kutwa, kwenye jua kali, kwa hofu ya usiku. Inauma sana kuona, na simu moja ya mzazi ingetosha kuizuia.

Halafu kupe. Minnesota kama huku kwetu kuna ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe. Huyo mdogo akirudi jioni mkague nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni na kwenye nywele.

Mwana wa Tanga, Toronto

Mimi namtetea bibi, ila si kwa wote watatu. Watoto wa rika tatu kwa mpigo ni mzigo kwa mama mtu mzima. Mpelekeni huyo wa 14. Anaweza kumsaidia bibi, kukaa na binamu zake, na Kiswahili kitamkaa. Lakini angalieni kalenda: likizo ya shule Tanzania ni Juni hadi mwanzoni mwa Julai. Akifika Agosti atakuta binamu wako darasani. Na dawa za kuzuia malaria aanze kabla ya kusafiri, aliyezaliwa huku mwili wake hauijui malaria.

Kanga ya Kisutu, Texas

Nakubaliana na ndugu wa Tanga. Kambi ya kutwa kwa binti wa 14 mara nyingi ni kumweka na wadogo zake. Akibaki huku, mtafutie kambi yenye safari za mitumbwi za siku kadhaa. Na akifika 15 au 16 kambi nyingi zina mafunzo ya ulezi kwa vijana, na baadaye huweza kuajiriwa hapo hapo. Uliza kuhusu nguruwe, mahali pa kuswali na mavazi ya kuogelea kabla hujalipa kianzio. Nywele asuke zake mwenyewe, bila rasta nzito, maana zikilowana kila siku hazikauki.

La pesa: kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, ada ya kambi ya kutwa inaweza kuingia kwenye nafuu ya kodi ya malezi mkiwa wote wawili mnafanya kazi. Ya kambi ya kulala haiingii. Ombeni namba ya kodi ya kambi, fomu 2441, ya kuombea nafuu hiyo, inaitaka.

Mama wa Watatu, Minnesota

Mungu awabariki. Mdogo ataenda ya kutwa, wa kati wiki moja ziwani, na dada yao Tanga mara tu shule zikifungwa. Ila wa kati anasema haendi bila simu.

Baba Mapacha, Ohio

Kambi nyingi za kulala haziruhusu simu, mwambie mapema. Mpe bahasha zenye anwani na stempu. Na usimwahidi kwamba akilia utakuja kumchukua. Ahadi hiyo humfanya asubiri kuondoka tangu usiku wa kwanza. Mwambie atakumbuka nyumbani, ni kawaida, na mlezi yupo. Kabla ya hapo alale usiku mmoja au miwili kwa rafiki bila nyinyi.