Mjadala: Prodyuza anayeanza ni lazima awe na MacBook?

Wakuu habari za mchana.

Naleta hii mada maana madogo wanaumia. Kuna kauli imeshika mtaani kwamba bila MacBook wewe siyo prodyuza, msanii akiingia studio anaangalia kwanza mgongo wa laptopu kama kuna lile tunda, asipoliona anaanza kuomba apunguziwe bei. Matokeo yake dogo anajichanga weee akifikisha milioni moja na kitu anakimbilia Kariakoo anauziwa MacBook Pro ya 2015 au 2017, yenye prosesa ya Intel, RAM 8, hela kwisha. Maiki hana, saundikadi (kile kifaa cha kuingiza sauti ya maiki kwenye laptopu) hana, vokali anarekodi na simu halafu anashangaa kwa nini miksi haikai.

Msimamo wangu ni huu: kwa hela hiyo chukua Windows used ya maofisini, ThinkPad au EliteBook, chenji nunua maiki na saundikadi. Sasa kabla hamjanishukia naomba niseme kwa nini.

Watu kibao wanaopiga biti hapa Bongo wako kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. FL ilianza 1997 ikiitwa FruityLoops na toleo rasmi la Mac limekuja 2018, kwa hiyo biti za FL mlizochezea miaka yote kabla ya hapo nyingi hazikupikwa na tunda. Wale wana singeli wa studio ya Sisso pale Mburahati, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala wakawatoa 2017 mpaka wazungu wakaanza kuwaita kwenye matamasha, kuna shabiki aliyeuliza laptopu yao ina nembo gani?

Halafu prosesa. Hapa ndo wauzaji wanatuchezea sana, unaimbiwa "hii i7 bro" na wewe unaona umeukata. i7-7600U ina kori (vile viini vya prosesa vinavyogawana kazi) 2 tu, wakati i5-8250U iliyotoka 2017 ina kori 4, na dukani unaweza kukuta hiyo i7 ndo wanaitaja bei ya juu. Usisome stika, fungua Task Manager upande wa CPU uhesabu kori mwenyewe. Kizazi cha nane, yaani kama hiyo i5 ambayo namba yake inaanza na 8, pia ndo Windows 11 inapoanzia kwa Intel, na Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tangu Oktoba 2025, so ukinunua kizazi cha sita leo umenunua kitu ambacho kimeshafika mwisho wa safari. RAM 16, SSD, basi. Tiririkeni.

Mdau wa kwanza:

Mleta mada unachanganya mafaili mkuu. Mac za Intel na Mac za M1, yaani zenye prosesa ya Apple wenyewe, ni vitu viwili tofauti kabisa. MacBook Air M1 ya mwisho wa 2020 haina hata feni, unaelewa maana yake kwa mtu anayerekodi chumbani kwake? Maiki ya kondensa inanasa kila kitu, hizo ThinkPad zenu zikipata moto feni linavuma kama bajaji na lote linaingia kwenye vokali. Pili mambo ya drayva. Mac unachomeka saundikadi inafanya kazi, huku kwenu mtu anahangaika na ASIO4ALL, ile drayva ya sauti ya bure, mara drayva ya wifi inakatakata sauti katikati ya teki nzuri. Programu za muziki za Apple wenyewe, GarageBand bure, Logic dola 199.99 unalipa mara moja. Rahisi inakuja kuwa ghali, tusidanganyane.

Mleta mada:

Mkuu M1 sina ugomvi nayo, mtu akiwa na hela ya M1 safi na maiki juu achukue tena haraka. Nilichotaja ni Intel, na hizo Intel Apple wenyewe walishatangaza 2025 kwamba mfumo wa macOS 26 ndo wa mwisho kwao, kwa hiyo miaka michache plagini (vile viprogramu vya efekti na vyombo) mpya zitaanza kugoma moja moja. Ila hata hiyo M1 kuna mambo hamuwaambii madogo. RAM imegandishwa humo humo, ukinunua ya 8 utakufa na 8. Na nyingine zinatoka kwenye makampuni ya nje zikiwa bado zimefungwa kwa usimamizi wa kampuni, unatumia vizuri tu, siku ukiifuta uipige upya inakudai akaunti ya ofisi usiyoijua. Hapo muuzaji hapokei simu.

La feni nakubali linakera. Lakini laptopu haina ulazima wa kukaa mezani pamoja na maiki, nunua waya mrefu wa XLR, maiki peleka kona ya pili, weka godoro katikati. Na kuhusu sauti kukatika, wengi hawajui kucheza na bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kwanza kabla ya kukitoa. Ukiwa unarekodi weka sampuli 128, kwa sampuli 44,100 za sekunde moja hiyo ni kama milisekunde 3 kwa upande mmoja, msanii hasikii kitu. Ukiacha 512 inakaribia milisekunde 12, na kurudi tena, anasikia sauti yake inamfuata nyuma kwenye hedifoni anaanza kuimba kwa kusitasita halafu unasema msanii hajui kukaa kwenye biti. Ukimaliza kurekodi unapandisha 1024 ndo umwage plagini zako. Wifi zima wakati wa kurekodi, mbona tunazima simu?

Mdau wa pili:

Mie nipo Mombasa, nawasoma tu. Mwabishana prosesa na hamjataja stima. Stima ikipotea katikati ya sesheni yule mwenye desktopu amekwisha. ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, waweza kuwa na ya akiba mfukoni. Na jambo jengine, zile chaja za soketi isiyo na waya wa athi hutia mvumo mmm chini ya sauti. Watu hununua maiki mpya wakidhani ya kwanza ni mbovu. Chomoa chaja, sikiliza, mvumo waondoka. Lakini ukiwa kwenye betri Windows hupunguza nguvu za prosesa, ibadilishe mwenyewe iwe juu kabisa, la sivyo sauti yaanza kupasuka.

Mdau wa tatu:

Tuseme ukweli wakuu, hao madogo hiyo FL wanayo ya kuchakachua, na zile kreki ndo zinabeba virusi, laptopu inakuwa nzito halafu lawama anapewa ThinkPad. Toleo la majaribio la FL lina utamu na uchungu, linakuruhusu kutoa wimbo mzima ila projekti uliyosevu hulifungui tena mpaka ulipie. Mi nilihamia Reaper, programu nyingine ya kurekodi, siku 60 za kujaribu, leseni ndogo dola 60, na inakwenda hata kwenye mashine ya kizamani. Shida hakuna anayeitumia mtaani kwetu, ukikwama huna wa kumuuliza.

Mleta mada:

Mdau wa Mombasa shukrani, hiyo ya chaja inastahili uzi wake.

Wa Reaper, kwa kurekodi vokali na bendi nakupa, kwa kupiga biti bado FL inabamba zaidi. Kuna aliyenifuata inboksi anauliza SSD ya 256 inatosha? Hesabu hii: traki moja ya mono, biti 24 kwa 44,100, inakula kama MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 30 unakaribia GB 1, na hapo msanii hajarudia teki. 256 itakutosha kuanzia kama una hadidiski ya nje ya kutunzia kazi zilizokwisha, hasa kwa vile kwenye hizi za maofisini nyingi SSD unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi.

Kwa anayekwenda dukani wiki hii: beba flashi yenye FL ya majaribio na hedifoni. Wafungulie moja ya zile demo zinazokuja na FL yenyewe, chomoa chaja, iache ipige dakika ishirini huku CPU ukiiona pembeni. Muuzaji akileta maneno ya "utajaribu nyumbani", hamia duka la pili.