Kodi za fleti: kikomo cha serikali kinamsaidia nani?

Mtoa mada:
Wakuu, mtaa ukishapata kituo cha treni na barabara nzuri, kodi inapaa hata kama mwenye nyumba hajapiga rangi ukuta mmoja. Lifti mbovu, lakini barua ya nyongeza haichelewi! Hapo kila mtu anadai serikali iweke kikomo. Naunga mkono, ila si kikomo chochote tu.

Berlin waligandisha kodi Februari 2020 kwa fleti zilizojengwa kabla ya 2014. Waliokuwa ndani wakapumua. Aliyeumia ni anayetafuta, maana matangazo ya fleti hizo yalipungua mno: mpangaji hahami, na mwenye nyumba anaona heri auze. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria, na wapangaji wengi wakadaiwa tofauti ya kodi ya nyuma.

Kwa hiyo nasema tubane nyongeza ya kila mwaka kwa mpangaji aliyemo, na majengo mapya yaachwe.

Mwenye fleti:
Riba ya benki ikipanda nani anaibana? Ukinizuia kupandisha, sikarabati. Mwisho nauza. San Francisco walipobana kodi za majengo madogo mwaka 1994, uchunguzi wa wanauchumi wa Stanford ulionyesha wenye majengo hayo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15.

Mtoa mada:
Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba wapangaji waliolindwa walibaki kwenye makazi yao kuliko wenzao. Mbona hilo umeliruka? Ila nakubali ujenzi mpya usibanwe. Saint Paul, Marekani, walipitisha kikomo cha nyongeza cha asilimia 3 kwa mwaka mnamo 2021, majengo mapya yakiwemo. Maombi ya vibali yakaporomoka, na 2022 wakayasamehe majengo mapya kwa miaka 20. Kosa lilikuwa kumbana ambaye hata msingi hajachimba.

Mpangaji:
Nyote mnazunguka. Vienna karibu nusu ya wakazi wanaishi nyumba za manispaa au zenye ruzuku, ndiyo maana mwenye nyumba binafsi hawezi kujipangia bei anavyotaka. Jengeni kwanza.

Mtoa mada:
Vienna walianza miaka ya 1920, ndugu yangu. Barua ya nyongeza inataka jibu mwezi ujao.

Mpangaji:
Na fleti zinazogeuzwa malazi ya watalii? Barcelona imetangaza kutohuisha leseni zote za fleti za watalii ifikapo 2028. Hizo zipo tayari, hazihitaji hata tofali. Mwenye fleti, hapo unasemaje?