Mrejesho: chujio la tangi la kobe wangu
Nashukuru kwa ushauri. Niliuliza iwapo chujio dogo la ndani lingetosha tangi la lita 200 la kobe wangu wa majini, nami nikaelekezwa kununua chujio la nje lenye uwezo wa kuhudumia tangi kubwa mara mbili au tatu ya hilo, kwa kuwa kobe huchafua maji kuliko samaki. Ndivyo nilivyofanya. Wiki ya pili maji yalinuka na kuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na kosa lilikuwa langu: nilisuuza sponji ya chujio kwa maji ya bomba, klorini iliyomo ikaua bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji na kugeuza amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa kobe, kuwa kitu chenye madhara kidogo. Sasa naisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangini, na kobe namwona hadi kucha, ingawa robo ya maji bado naibadilisha kila wiki.